Ng'ambo Yetu: Mwongozo wa Matembezi Kisauni, Likoni na Changamwe

"Kengeleni! Kengeleni!" Makanga hulitaja jina hilo tangu alfajiri, abiria hushuka na kupanda, kila mtu mbio na shughuli zake, na ni wachache wanaoinua macho kuitazama kengele yenyewe. Ipo. Imetundikwa kando ya njia panda, katikati ya honi na moshi wa magari, na ndiyo iliyoupa mtaa jina. Mimi nimeipita miaka mingi kabla ya siku niliyosimama chini yake, na siku hiyo niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa siijui.

Sisi wa Kisauni, Likoni na Changamwe tumezoea kuitwa watu wa ng'ambo. Jina hilo lilitoka kisiwani: aliyesimama Mji wa Kale akatazama upande wa pili wa maji, akatuona. Nasi tumeamini kwamba yenye thamani yote yako kwake. Shule ikipanga safari, basi huvuka daraja kuwapeleka watoto Fort Jesus. Ni ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, kwa hiyo silaumu safari hiyo. Lakini mtoto wa Kisauni arudipo, hushukia Kengeleni asiambiwe lolote.

Makala haya ni ya mkazi mwenye Jumamosi moja isiyo na kazi, watoto wawili watatu, na nauli ya matatu. Hayahitaji gari la kukodi wala hoteli.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anza na bahari, kwa sababu ndiyo itakayokupangia siku. Huku kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, au karibu na hapo, kisha kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukitaka kutembea juu ya mwamba kuwaonyesha watoto kaa, kiti cha pweza na samaki wadogo waliobaki vidimbwini, chagua siku ya bamvua. Fika mapema, ufuate maji yakitoka, na ugeuke mara yanapoanza kurudi. Hili la kugeuka halina mjadala. Maji ya kujaa hayaji usoni kama wimbi. Hupita nyuma yako, kwenye mifereji ya chini, na aliyeinama akichungulia mwamba hushtuka amezingirwa. Kama hujui hesabu za mwezi, muulize mvuvi yeyote ufuoni. Atakujibu bila hata kutazama juu.

Majira nayo yana neno. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na maji huwa maangavu. Kusi ikivuma kuanzia Aprili, mawimbi hukua, mwani hurundikana ufuoni, na mvua za masika huzigeuza njia za mikoko kuwa tope la magotini.

Vaa viatu vya mpira vyenye soli, kwa sababu mwamba hukata na kwenye nyufa zake wamo viumbe wa miiba myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo. Beba maji ya kunywa na kofia. Beba kitambulisho cha taifa, maana kwenye hifadhi mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, lakini ni lazima uthibitishe. Hifadhi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipiwa kwa mtandao wa eCitizen, basi hakikisha simu ina chaji na salio kabla ya kuondoka. Na kokote unakokwenda kwenye msikiti, kanisa au makaburi, piga hodi kwanza. Salamu ya subalkheri kwa mzee aliyeketi barazani, au asalam aleikum, hufungua milango kuliko tikiti yoyote.

Kisauni: kengele, kanisa na kaburi la Rosine

Kisauni ndiyo yenye mengi, na mtu mwenye siku moja tu ningemwambia aitumie huku.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza waliotumwa chini ya Sir Bartle Frere, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi yaliyopakia watu. Swali likabaki: watu hawa waende wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, walitekwa mbali sana, baadhi wakiwa watoto wasiokumbuka njia ya kwao. Shirika la kimishonari la Kianglikana, CMS, likamtuma William Salter Price, naye akafika mwishoni mwa 1874 na kupata ardhi Kisauni. Mwaka uliofuata makundi ya kwanza ya walioachwa huru yakashushwa. Kijiji kikaitwa Frere Town, jina ambalo makanga wa leo hulitamka Frere Town au Furitauni, kila mmoja kwa ulimi wake.

Waliokuwa walimu na mafundi wa mwanzo hawakutoka Uingereza peke yao. Walikuwamo Waafrika waliokombolewa miaka ya nyuma, wakalelewa na kusomeshwa Nasik nchini India, kisha wakarudi Afrika ya Mashariki. Wakajulikana kama Wabombay. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huohuo Hannington alishika njia ya Uganda na kuuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza wasafiri walionusurika hadi pwani. Wazao wa jamii ile wangali wako Kisauni na Rabai, na wengine hujiita Wamisheni kwa fahari.

Sasa simama chini ya kengele. Ililizwa kuwakusanya watu, na ililizwa kutoa tahadhari. Hofu ilikuwa ya kweli: ng'ambo ya maji, kisiwani, walikuwapo wenye watumwa walioona Frere Town kama kichaka cha kuwaficha watoro wao, na mwaka 1880 walitishia kukivamia kijiji. Mtu aliyetoka kufunguliwa minyororo alilala akisikilizia mlio huo. Ninaomba utakapowasimulia watoto, usiishie hapo. Waeleze pia kwamba ndani ya kijiji chenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi wa kimishonari aliwachapa viboko watu walioambiwa wako huru, habari zikafika kwa wakubwa, uchunguzi ukafanywa na akaondoka. Historia ya uhuru wa Kisauni ina pande zote mbili, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuielewa.

Kutoka kwenye kengele, ulizia Kanisa la Emmanuel, la tangu karne ya 19. Ni mwendo mfupi. Ni kanisa linaloendelea kusaliwa, si makumbusho, kwa hiyo Jumapili asubuhi mgeni huingia kama mwabudu, na siku nyingine huomba ruhusa kwa mhudumu wa kanisa. Usiingie na kamera mkononi kabla ya kusalimia.

Kisha teremka upande wa Nyali, kwenye ukingo unaotazamana na Mji wa Kale. Huko kuna mnara wa ukumbusho wa mmishonari Johann Ludwig Krapf na kaburi la mkewe, Rosine. Walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikawachukua wote wawili, mama na mtoto. Walizikwa bara, upande wetu. Krapf mwenyewe aliendelea: akahamia Rabai mwaka 1846 pamoja na mmishonari mwenzake Johannes Rebmann, akajifunza Kimvita kwa wenyeji, akakusanya maneno kwa miaka, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mimi husimama zaidi kwenye kaburi la Rosine kuliko kwenye mnara wa mumewe. Mwanamke kijana, miezi michache tu katika nchi ngeni, na leo watu wanaofanya mazoezi ya kukimbia hupita karibu naye bila kujua ni nani aliyelala hapo.

Ukiwa huko, tazama maji. Mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira Fort Jesus, meli ya Kireno iliyoitwa Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome, na vitu vilivyoopolewa humo vinaonyeshwa kwenye makumbusho ya ngome. Ukiwa upande wa Nyali unaona uwanja mzima wa vita ile, jambo ambalo aliye ndani ya kuta haoni.

Chakula cha mchana kiwe Kongowea. Soko hilo watu hulijua kwa nyanya na ndizi za jumla, lakini jina lake ni la zamani kuliko soko. Mapokeo ya Mombasa humtaja Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, kabla ya zama za Shehe Mvita, na Kongowea lilikuwa jina la Mombasa yenyewe. Nunua viazi karai, machungwa, madafu, mpumzike. Mwenye nafasi apite Bombolulu, ambako tangu 1969 watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo, nguo na kazi za mbao kwa mikono yao. Zawadi ya kweli ya Mombasa inunuliwe huko.

Bamburi: shimo lililogeuka msitu

Ukiendelea na barabara ya Malindi utafika mahali ambapo kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa Kenya angepaswa kufika mara moja.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Saruji hutokana na mawe ya matumbawe, na mawe yalipochimbwa likabaki jangwa jeupe, kavu, lenye chumvi na joto la kuchoma. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, na mojawapo ni mvinje, mti huu uliouona ufuoni maisha yako yote ukauona si kitu. Mvinje ukamea. Lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Haller akagundua jongoo wekundu wa miguu wakiyatafuna. Akawakusanya, akawamwaga msituni kwa wingi, na kinyesi cha jongoo kikawa mbolea. Udongo ukaanza kujijenga, miti mingine ikaweza kupandwa, ndege wakaja na mbegu zao.

Leo ndani ya msitu huo, uitwao Haller Park, kuna viboko, mamba, kobe, nyani na twiga wanaokula mkononi mwa mtoto. Ulizia langoni saa ya kulisha. Hapa ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Alipofunguliwa alikimbilia ubavuni mwa kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akalala naye, akala naye, na dunia nzima ikawazungumzia. Watoto watapenda kisa hicho. Lakini usiondoke kabla hujainama, ukafukua majani makavu ya mvinje, ukamwonyesha mtoto jongoo mmoja na kumwambia: huyu ndiye aliyejenga hapa.

Machimbo mengine ya jirani yamefanywa njia za kutembea na kuendesha baiskeli chini ya miti, mahali pazuri jioni kwa mtu anayetaka hewa tu bila wanyama.

Ufuo ulio wazi kwa wote ni ule wa Jomo Kenyatta, ambao wengi tunauita Pirates. Wikendi hujaa, na watoto hupotea humo kwa urahisi: waandike namba ya simu ya mzazi mkononi kwa kalamu. Ngamia na maboya ya kuogelea hulipiwa. Kubaliana bei kabla mtoto hajapanda. Mbele ya ufuo huo, tangu 1986, ipo Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Eneo la hifadhi kamili ni kilomita 10 za mraba na humo uvuvi hauruhusiwi. Eneo la akiba linaloizunguka ni kama kilomita 200 za mraba, na wavuvi wa kienyeji huvua humo kwa nyenzo zinazokubalika. Tofauti utaiona ukivaa miwani ya kuogelea: ndani ya hifadhi samaki hawakimbii. Usikanyage matumbawe yaliyo hai na usinunue kombe au makoa ya vibandani. Kila koa tupu huwa ni nyumba ambayo kaa fulani angehamia.

Likoni

Watu wa miguu hupanda feri bila malipo. Usipige picha ndani yake wala kwenye gati, hairuhusiwi, na askari hawatasikiliza kwamba ulikuwa ukimpiga mwanao. Epuka saa za asubuhi na za kutoka kazini. Katikati ya mchana kuna nafasi ya kushika ukuta na kutazama meli za Kilindini zikiingia.

Ukishuka, upande wa kushoto ni njia ya Shelly Beach. Maji yakipwa pana vidimbwi vya mwambani vizuri kuliko vya Bamburi, na umati ni mdogo. Nendeni kundi, na msisubiri giza liingie.

Upande wa kulia ni Mtongwe. Hapa pamewahi kuokotwa zana za mawe za watu walioishi pwani hii maelfu mengi ya miaka kabla ya nyumba ya kwanza ya mawe kujengwa Mombasa. Zimetoka kwenye matuta ya ardhi iliyoinuka juu ya maji. Sehemu kubwa ya Mtongwe ni kambi ya Jeshi la Wanamaji, kwa hiyo hakuna kuzurura wala kupiga picha karibu na uzio. Nenda tu hadi kwenye gati la raia, ulizia kama kivuko kinafanya kazi siku hiyo, na usimame kidogo. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyotoka hapa ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu sana na nchi kavu, wakafa watu 272. Karibu kila familia kongwe ya Likoni ina jina la kulitaja. Ukiwa na mwenyeji, mwache aseme atakacho, usimchimbe kwa maswali.

Mwenye siku nzima aendelee na barabara ya Lungalunga hadi mdomo wa mto Mwachema, kwenye Msikiti wa Kongo, wa mawe, wa karne nyingi, uliozungukwa na mibuyu, na unaosaliwa hadi leo. Hiyo ni Kwale, si Likoni, lakini ukifika huko usitarajie kurudi mapema.

Changamwe na Jomvu

Changamwe wengi huijua kwa malori na matangi ya mafuta. Jina lake ni la watu: Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana, na Wajomvu wamo katika Tisa Taifa. Wote kwa pamoja ndio Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Kwa hiyo mtu anayesema Changamwe haina wenyewe hajauliza.

Port Reitz ina jina la luteni kijana wa Kiingereza, John James Reitz, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 wakati Wamazrui walipoomba ulinzi wa Uingereza dhidi ya Sultani Seyyid Said. Hakufikisha hata miezi sita. Alikufa kwa homa mwaka huohuo, na ulinzi wenyewe ukakoma 1826. Reli ya Uganda nayo ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilivukia Makupa na kupanda huku Changamwe kabla ya kushika njia ya bara. Kituo cha reli mpya, kilichofunguliwa 2017, kiko Miritini jirani.

Kwa matembezi, nenda Jomvu, kijiji cha Waswahili kando ya hori, ambako Wamethodisti waliotangulia kutua Ribe mwaka 1862 walifungua kituo pia. Kaa mbele ya mikoko maji yakiwa yanaanza kutoka. Kenya ina aina 9 za mikoko na wazee wa huku wanazijua kwa majina: mkoko wa miguu iliyopinda, mchu unaochomoza vidole juu ya tope ili upumue, mkandaa uliotoa boriti za nyumba zetu na za majahazi yaliyokwenda Uarabuni. Vikundi vya vijana na akina mama hupanda miche upya sehemu nyingi za mahori haya. Uliza kama unaweza kupanda mmoja. Watakuonyesha namna ya kuuchomeka, na kwa kawaida huomba mchango mdogo tu.

Ukikuta kitu

Wakati wa matembezi unaweza kuokota kigae cha bakuli la rangi, shanga, au kuona ukuta wa mawe na chokaa msituni ambao hakuna aliyewahi kukutajia. Usichukue, usichimbe. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo na inamtaka aliyevigundua atoe taarifa. Piga picha, andika mahali ulipo kwa alama zinazoeleweka, mti gani, njia gani, kisha upeleke habari ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya iliyopo Fort Jesus. Fanya hivyo hata kama ulichoona ni kaburi kuu lililo katikati ya kiwanja kinachotaka kujengwa kesho, na hapo fanya haraka zaidi.

Na ukikutana na mzee anayekumbuka, mwombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu. Anza kwa kumtaka ajitaje jina, ukoo na mtaa aliozaliwa, utaje na wewe tarehe ya siku hiyo, ndipo umwache azungumze. Mpe nakala mjukuu wake kabla hujaondoka.